Exadata, ODA, SAN au seva mbili za kawaida: ukiwa Dodoma uchukue ipi?

Kila ikikaribia Julai na bajeti mpya kufunguka, watu wa TEHAMA huku Dodoma simu zinaanza kuita, mavenda wanataka "kikao kifupi tu mkuu". Tangu serikali ilipoanza kuhamia 2016 mji umejaa ofisi, wizara pale Mtumba, vyuo, hospitali, SACCOS, mamlaka za maji mpaka huko Singida na Manyoni, kila mmoja anataka chumba chake cha seva na kila mmoja anaambiwa mashine fulani ndo dawa. Mi naziweka hapa njia nne ambazo ndo huwa zinafika mezani, na nitaziangalia zaidi kwa kile zinachokosa, mana sifa zake brosha imeshazimaliza zote.

Ya kwanza ni Exadata ya Oracle, raki inayokuja na kila kitu ndani, seva za databesi, seva za storeji ambazo wenyewe wanaziita seli, na swichi za kuziunganisha. Ilianza 2008 wakiwa na HP, 2009 wakahamia kwenye mashine za Sun, na kampuni yenyewe ya Sun wakamaliza kuinunua Januari 2010. Ya pili ni ODA, yaani Oracle Database Appliance, mdogo wake, ilitoka 2011, ipo ya seva moja na ipo ya seva mbili zinazochangia shelfu moja ya diski. Ya tatu ni ule mpangilio wa miaka yote, seva mbili tatu za HPE au Dell, juu yake VMware, programu inayogawa seva moja kuwa seva pepe nyingi (VM), pembeni boksi la SAN, yaani storeji ya pamoja inayotumiwa na seva zote kupitia mtandao wake, lenye kontrola mbili. Ya nne ni seva mbili za kawaida kabisa, kila moja na diski zake za NVMe, zile za flashi zenye kasi, humohumo ndani, hazichangii kitu, zinarushiana data kwa riplikesheni, yaani kila kinachoandikwa kwa moja kinanakiliwa kwa nyingine. Wingu nitaligusa huko chini, lina mambo yake.

Msimamo wangu niuseme mapema ili usome ukijua: kwa taasisi nyingi za huku kati, hiyo ya nne inatosha na inabaki chenji. Sababu yenyewe sio kasi, kasi zote nne zinayo. Swali langu ni lilelile kila siku, Jumamosi saa nane usiku kitu kikifa, huduma inarudi saa ngapi na nani anairudisha.

Anza na leseni kabla hujaangalia mashine

Watu wanalinganisha bei za seva wakati hela kubwa iko kwenye leseni. Oracle Enterprise Edition (EE), toleo lao kubwa la databesi, bei ya kwenye orodha ni dola 47,500 kwa prosesa, na prosesa kwao sio kile kipande unachokishika mkononi, wanahesabu kori, vile vitengo vya kazi vilivyomo ndani yake, halafu wanazidisha kwa 0.5 kama ni Intel au AMD, IBM Power wanazidisha kwa 1 nzima. Sasa chukua seva mbili, kila moja kori 32. Jumla kori 64, leseni 32, mara 47,500 inakuja dola 1,520,000, hapo RAC bado, ile ya kuendesha databesi moja kwenye seva zaidi ya moja, nayo ni 23,000 nyingine kwa kila leseni, na sapoti ni asilimia 22, yaani dola 334,400 kila mwaka kwa hiyo EE peke yake. Najua hakuna anayelipa bei ya orodha, punguzo lipo, ila hata wakikukatia nusu bado bei ya seva zenyewe inaonekana kama nauli tu.

Kwahiyo ukishajua lazima utumie Oracle EE, agiza prosesa zenye kori chache zenye kasi. Seva mbili za kori 8 kila moja ni leseni 8 tu, dola 380,000. Hii naona inakosewa kila mara, spesifikesheni inaandikwa "kori nyingi iwezekanavyo" kana kwamba kori ni za bure, afu mwaka wa pili sapoti inakula bajeti nzima ya kitengo.

Standard Edition 2 (SE2) ni nafuu, 17,500 kwa soketi, yaani nafasi ya prosesa, ila seva isizidi soketi mbili na databesi moja haitumii zaidi ya thredi 16, kwahiyo hata ukinunua mashine ya kori 64 nyingine zinakaa zinaota jua. Halafu kuanzia toleo la 19c wameiondolea RAC, na Data Guard (riplikesheni yao) na partishini (kugawa jedwali kubwa vipande) havijawahi kuwepo humo. Kwa SACCOS au chuo cha kawaida bado inatosha sana.

ODA hapa inapata maksi, unafungua kori mbilimbili kadri unavyohitaji na zilizofungwa hulipii leseni, na SE2 inakubali. Exadata nayo inakuruhusu kufunga kori ila kuna kiwango cha chini ambacho huwezi kushuka, na kwenye toleo la X10M seva moja ya databesi ina kori mpaka 192, sasa wewe una databesi ya GB 300 ya mishahara na mahudhurio. Ni kukodi semitrela kupeleka ndoo ya zabibu sokoni Majengo.

Mpangilio wa SAN na VMware ndo mbaya zaidi kwenye leseni na wengi hawajui. Oracle hawautambui mgawanyo wa VMware kama mpaka wa leseni, VM yako ina kori 4 lakini kundi zima (klasta) lina seva sita, wakija kukagua wanaweza kukudai kila seva ambayo hiyo VM inaweza kuhamia. Kama databesi ni ya Oracle, itenge kwenye seva zake. Na ninachotamani kwenye hili ni kitu kidogo tu, leseni ifuate kazi inayofanyika na sio kori zilizosimama, mana huku kwetu mzigo unapanda mwisho wa mwezi na msimu wa udahili, siku nyingine mashine imelala.

Na PostgreSQL, databesi ya bure? Leseni sifuri. Riplikesheni imo ndani tangu toleo la 9.0 la 2010, ile ya kusubiriana, ambapo muamala haukamiliki mpaka nakala ya pili ithibitishe, ikaja 9.1 mwaka uliofuata. Unalipia watu, na watu wa kuijua vizuri sio wengi, hilo sifichi, lakini UDOM pale kila mwaka inatoa vijana wa kompyuta na ukimpa mmoja muda na seva ya majaribio anaiva.

Storeji

Diski ya kuzunguka ya 10,000 rpm inatoa shughuli kama 140 hivi kwa sekunde. Zipange 24 kwenye SAN unapata 3,360 za kusoma. Ukiziweka RAID 5 (RAID ni kuunganisha diski ili moja ikifa data ibaki), kila uandishi mdogo unageuka shughuli nne, unabaki na 840. RAID 10 uandishi ni shughuli mbili, unapata 1,680. NVMe moja, moja tu, inasoma mamia ya maelfu kwa sekunde, na kila ombi linajibiwa ndani ya maikrosekunde mia hivi badala ya milisekunde tano au kumi. Ndo mana mtu akiniambia anataka boksi la SAN la diski za kuzunguka kwa ajili ya databesi mwaka huu, huwa namuuliza anamsaidia nani.

SAN ya flashi yote ni nzuri kweli, lakini sikiliza wanavyouza ujazo. Wanakwambia TB 20 hizi ni sawa na TB 80 kwa sababu zinabana data na kuondoa marudio. Sawa, ila databesi yako ikiwa imesimbwa na TDE, usimbaji wa Oracle wenyewe, data iliyosimbwa haibaniki na wala haina marudio, TB 20 inabaki TB 20 mchana kweupe. Omba waandike ujazo halisi kwenye mkataba, basi.

Kontrola mbili nazo zinawadanganya watu. Ndio, moja ikifa nyingine inapokea, lakini zote zinaendesha fimuwea (programu ya ndani ya kifaa) ileile, zimefungwa boksi moja, kwenye raki moja. Fimuwea ikiwa na kasoro, kasoro iko pande zote. Mfano ulio wazi ni wa HPE, Novemba 2019 walitangaza kuwa baadhi ya SSD zao (diski za flashi) za aina ya SAS zinakufa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zinakufa na data haitoki. Machi 2020 likaja tangazo lingine, saa 40,000. Sasa fikiria umenunua diski zote siku moja, umeziwasha siku moja, RAID gani itakuokoa hapo? Kwenye seva mbili zisizochangia kitu angalau unaweza kuweka diski za kampuni tofauti kila upande, kwenye SAN na kwenye hizi raki za Oracle huna hiyo ruhusa, unaweka walichokupa.

Kingine kinachoumiza kimyakimya ni betri ya kontrola ya RAID. Betri ikichoka, kontrola inaacha kutumia kache (kumbukumbu ya muda yenye kasi) kwenye kuandika, databesi inapooza ghafla, wanaanza kulaumiwa waliotengeneza mfumo wakati tatizo ni kibetri. Nimeona taasisi moja, siitaji, imekaa na mfumo mzito wiki kibao, wanaongeza RAM, wanabadili kebo, na ujumbe wa betri upo kwenye logi muda wote. Watengenezaji walipaswa hiki kitu kipige kelele kwa simu na sio kuwasha kitaa cha njano nyuma ya raki kwenye chumba kilichofungwa.

Exadata kwenye storeji ndo inajitetea vizuri. Kuna Smart Scan, badala ya kuleta jedwali zima juu kwenye seva ya databesi, seli zenyewe zinachuja na kurudisha safu zinazotakiwa tu. Kwa ripoti inayopitia mamilioni ya miamala hiyo ni tofauti kubwa mno, na ubanaji wake wa safuwima unapunguza data ya zamani sana. Lakini Smart Scan inasaidia kusoma jedwali zima, haimsaidii keshia anayetafuta akaunti moja kwa namba yake, hiyo ni kazi ya indeksi na kache. Kama mzigo wako ni keshia na mapokezi ya wagonjwa, unalipia kitu ambacho utakitumia kwa nadra. Pia hesabu nakala, ukichagua ulinzi wa juu kila kitu kinaandikwa mara tatu, TB 100 ghafi inatoa chini ya 33.

Na hawa nao wanabadilika. X8M ya 2019 na X9M ya 2021 zilijengwa na kumbukumbu ya kudumu ya Intel, Optane, ikasifiwa kweli, Julai 2022 Intel wakatangaza wanaiacha biashara hiyo, X10M ya 2023 ikaja bila hiyo, wakatumia RAM ya kawaida kwenye seli na prosesa za AMD. Waliozinunua zinafanya kazi vizuri tu, ila ukiambiwa kitu fulani ndo mustakabali wa storeji, subiri kwanza.

Umeme, joto na vumbi la kwetu

Mgao wa mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 uliwafundisha wengi. UPS inashikilia seva, jenereta inachelewa, na AC haipo kwenye UPS, kwahiyo seva zinaendelea kutoa joto ndani ya chumba kidogo ambacho hakipoi. Seva nyingi zimeandikwa zinahimili nyuzi 35, ila kiwango hicho kinaanza kushuka ukipita mita 900 juu ya bahari, na Dodoma iko zaidi ya mita 1,100. Seva mbili za kawaida utazihudumia kwa UPS ya kawaida na AC mbili za kupokezana. Raki ya Exadata inataka kilowati kadhaa muda wote na chumba cha maana, na kama jengo mmepanga Area C kwenye nyumba iliyogeuzwa ofisi, anza kwanza na waya wa nyumba. SAN iko katikati, shelfu za diski za kuzunguka zinakula umeme kuliko watu wanavyodhani. Vumbi sitalisemea sana, kiangazi na upepo wa huku unaujua, ila hakuna hata mmoja kati ya hawa anayeuza raki yenye filta ya kusafisha kirahisi, mpaka ubuni mwenyewe.

Kwenye NVMe na SSD za seva mbili angalia kitu kimoja, ziwe na ulinzi wa umeme kukatika, ile kapasita inayoipa diski muda wa kumalizia kuandika. Diski za dukani za kompyuta za kawaida nyingi hazina, na watu wanaziweka kwenye seva kwa sababu bei iko chini, umeme ukikatika zinasema zimeandika kumbe hazijaandika.

Kupachi

Oracle wanatoa pachi, yaani marekebisho ya programu, kila miezi mitatu, Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Kwenye Exadata unapachi seva, seli, swichi na programu za juu yake, inawezekana kwa kupokezana bila kuzima huduma ila ni kazi ya masaa mengi na inataka mtu anayejua, kwahiyo wengi wanaahirisha mpaka wanakuwa nyuma mwaka mzima. ODA iko vizuri hapa, pachi inakuja kifurushi kimoja cha kila kitu kimeshajaribiwa pamoja, kwa ofisi yenye mtaalamu mmoja wa databesi ambaye pia ndo anarekebisha printa hiyo ni nafuu ya kweli. Kwa SAN lazima wewe mwenyewe uhakikishe fimuwea ya boksi, kadi, swichi na VMware zinakubaliana, na kila mmoja sapoti yake inamrushia mwenzake mpira. Hapo ndo ODA na Exadata zina hoja ambayo siwezi kuibishia, simu ni moja. Seva mbili za kawaida unapachi ya akiba, unahamishia kazi kwake, unapachi ya kwanza, usiku mmoja umemaliza, ila hakuna wa kukushika mkono.

Spea na fundi

Mkataba unasema "siku ya kazi inayofuata". Uliza inayofuata wapi. Spea nyingi ziko Dar, au hata Dar haziko, zinaagizwa nje, na ule muda unahesabiwa kuanzia wao wakishakubali kuwa kitu kimekufa. SGR imesaidia, tangu Julai 2024 fundi anapanda asubuhi Dar na kabla ya saa nane mchana yuko Dodoma, lakini treni haileti kontrola ambayo haipo nchini. Seva ya kawaida unaweza kununua diski mbili na pawa saplai moja ukaweka kabatini. Kontrola ya SAN au seli ya Exadata hakuna anayeweka kabatini. Kama kuna kitu kimoja ambacho ningewaomba watengenezaji wote, ni hicho, wauze kasha la spea pamoja na mashine, kwa bei ya kueleweka, na waruhusu mteja abadilishe mwenyewe bila kupoteza waranti.

Wingu

Mikoa ya karibu ya AWS, Azure na Oracle iko Afrika Kusini, Cape Town na Johannesburg. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika na nchi nzima tukaisikia, sasa fikiria mapokezi ya hospitali yanasubiri databesi iliyo huko. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ina masharti yake ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, kwahiyo mwanasheria aingie mapema. Na bili ni ya dola kila mwezi. Kwa bakapu iliyosimbwa wingu ni zuri, kwa databesi kuu ya ofisi ya huku bado siioni.

Badala yake nakala ya tatu iweke Dar. Tahadhari tu, usiifanye ya kusubiriana. Dodoma mpaka Dar ni kilomita kama 450, mwanga kwenye faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwenda na kurudi sio chini ya milisekunde 4.5 na njia ya kebo haijanyooka hivo, kila muamala utasubiri huo muda. Zisubiriane zile mbili zilizoko Dodoma, na bora zikae majengo mawili, ya Dar ifuate nyuma kwa sekunde chache.

Sasa nani achukue nini

Benki, au taasisi ya serikali yenye databesi ya makumi ya TB, ripoti nzito kila siku, leseni za EE imeshazilipia na ina timu ya databesi, Exadata ni halali yao na wala wasione aibu, ila wanunue mbili ndogo kwenye vituo viwili kuliko moja kubwa. Mfumo umefungwa kwenye Oracle, mtaalamu ni mmoja, data haifiki TB chache, chukua ODA ya seva mbili kama mnaweza, mkijua kuwa Smart Scan haimo na shelfu ya kupanua ni moja tu, ikijaa imejaa. SAN ichukue kama una VM nyingi za kazi mchanganyiko na databesi ni sehemu ndogo, au kama unayo tayari na bado ina sapoti. Waliobaki wote, SACCOS, vyuo, hospitali za wilaya, mamlaka za maji, halmashauri, seva mbili zenye NVMe, ya tatu mbali, spea kabatini.

Mkiandika mahitaji kwa ajili ya kuweka NeST, mfumo wa manunuzi ya umma, msijaze idadi ya kori na majina ya modeli. Andikeni huduma irudi ndani ya dakika ngapi na data ya dakika ngapi mnaweza kuvumilia kuipoteza, halafu muweke sharti kwamba siku ya makabidhiano, mfumo ukiwa na mzigo, mtu wenu atachomoa waya wa umeme wa seva moja na diski moja ya seva nyingine bila kumwambia venda ni zipi. Saa ianze kuhesabu hapo, na malipo ya mwisho yasubiri matokeo.